RPM siyo spidi: jinsi ya kupiga hesabu kutoka mzunguko mpaka mita kwa sekunde (grenda, puli, tairi)

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe diski za grenda saizi tatu, ya inchi nne na nusu, ya inchi saba na ya inchi tisa, halafu zigeuze usome maandishi yanayozunguka tundu. Ya 115 mm itakuambia mwisho wake 13,300 RPM (raundi kwa dakika), ya 180 mm 8,500, ya 230 mm 6,650. Ukisoma harakaharaka utasema hii ndogo ndio ngumu kuliko zote, si ndio imeruhusiwa kuzunguka mara mbili ya kubwa. Sasa angalia namba nyingine iliyoandikwa pembeni, zote tatu zina 80 m/s. Ileile kabisa. Mara nyingi kuna na mstari mwekundu, huo mstari ndio alama ya hiyo 80 (wa bluu ni 50, wa njano 63, wa kijani 100).

Yaani aliyetengeneza diski hahangaiki sana na inazunguka mara ngapi, anahangaika na ukingo wake unakimbia mita ngapi kwa sekunde. Hizo 13,300 na 8,500 na 6,650 ni 80 m/s hiyohiyo imegeuzwa kwa kila saizi. Hapa naonyesha namna ya kuigeuza, iwe uko kidato cha tano unapambana na mwendo wa duara au ni fundi unayetaka kubadilisha puli na hutaki kubahatisha. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu, kalkuleta ya simu inatosha.

Tuanze na pangaboi la juu hapo sebuleni. Chukua lile la kawaida la milimita 1400 kutoka ncha mpaka ncha, kwenye namba ya juu kabisa linazunguka kama mara 300 kwa dakika. Kila sehemu ya lile panga inamaliza raundi kwa muda uleule, iwe ni sehemu iliyo karibu na mota au ile ncha ya mwisho kabisa, haiwezekani ncha ikamaliza raundi mapema wakati shina bado liko njiani, lingekuwa limekatika. Hiyo spidi ya kuzunguka ambayo wote wanashea ndio tunaita omega, inaandikwa ω. Lakini umbali waliotembea haufanani hata kidogo, ncha imezunguka duara lenye urefu wa mita 4.4, sehemu iliyo sentimita 10 kutoka katikati imezunguka duara la sentimita 63 tu. Muda ni uleule, umbali ni mara saba, basi na spidi ya kukata mita, hii tunayoiita v, ni mara saba.

Kwa hiyo kanuni yote ni hii:

v = r × ω

v ni mita kwa sekunde, r ni umbali kutoka katikati mpaka pale unapopima kwa mita, ω ni spidi ya kuzunguka, ila (na hapa ndio wengi wanapochemsha) ω lazima iwe kwenye radiani kwa sekunde, siyo RPM wala digrii.

Radiani ni nini na inatokea wapi

Watu wanaogopa radiani bure. Chukua mfuniko wa ndoo, tafuta katikati yake, kata uzi urefu sawasawa na kutoka katikati mpaka ukingoni. Sasa ulaze ule uzi kwenye ukingo, ufuate mpindo. Pembe inayofunguka kutoka katikati kuelekea ncha mbili za uzi ndio radiani moja. Ukiendelea kuupanga uzi kuzunguka mfuniko wote utaingia mara sita na kubaki ka-sehemu kadogo, kama robo na zaidi kidogo, kwa usahihi ni mara 6.283, yaani 2π. Fanya kwa mfuniko wa sufuria kubwa, fanya kwa kizibo cha chupa, ni 6.283 tu. Kwa digrii radiani moja ni 57.3 hivi.

Kwa nini tunaisumbukia? Kwa sababu imetengenezwa kwa r yenyewe. Kitu kikizunguka radiani 1 kimetembea umbali wa r moja, kikizunguka radiani 5 kimetembea r tano, basi umbali = r × pembe. Gawanya pande zote kwa muda, umbali kwa muda unakuwa v, pembe kwa muda inakuwa ω, na hapo v = rω imejitokeza yenyewe, hakuna cha kukariri. Ungetumia digrii ungelazimika kubeba π na 180 kila mstari, na mtihani hauna huruma na mtu aliyesahau 180.

Hesabu yenyewe

Kwanza RPM iende radiani kwa sekunde. Raundi moja ni 6.283, dakika ni sekunde 60, kwa hiyo unazidisha kwa 6.283 unagawanya kwa 60. Njia ya mkato ambayo mimi natumia siku zote: gawanya RPM kwa 9.55. Basi. (60 ÷ 6.283 = 9.549, imetoka huko.) Hiyo 9.55 iandike hata nyuma ya kava la simu.

Halafu r. Hapa kuna mtego mkubwa kuliko wa radiani. Dukani na kwenye lebo kila kitu kinatajwa kwa kipenyo, diski ya 115, puli ya inchi kumi, tairi la inchi kumi na saba, hakuna anayekuuzia puli kwa nusu kipenyo. Kanuni inataka nusu. Ukisahau kugawa kwa mbili jibu lako limezidi mara mbili na litaonekana halina shida yoyote, halipigi kelele. Geuza na inchi ziwe mita, inchi moja ni 0.0254.

Zidisha hizo mbili umepata v. Ukitaka km/h zidisha tena kwa 3.6.

Turudi kwenye pangaboi: 300 ÷ 9.55 = 31.4 rad/s, r = 0.7, v = 22 m/s, ambayo ni kama 79 km/h. Ile ncha inapita juu ya kichwa chako kwa spidi ya basi la mkoani. Wenye vyumba vifupi mnaoning'iniza nguo kwenye waya karibu na pangaboi mmesikia.

Grenda, hapa tukae kidogo

Grenda ndogo ya inchi nne na nusu nyingi zimeandikwa 11,000 RPM. 11,000 ÷ 9.55 = 1,152 rad/s. Diski yake 115 mm, r = 0.0575, v = 66 m/s. Iko chini ya 80, safi.

Grenda kubwa ya inchi tisa nyingi ni 6,600 hivi. 6,600 ÷ 9.55 = 691, r = 0.115, v = 79 m/s. Umeona? Ile kubwa ambayo inanguruma kizito na inaonekana kama inazunguka polepole, ukingo wake unakimbia kuliko wa ndogo, na ipo karibu kabisa na kikomo cha 80. Ndio maana ile kubwa ikikamata chuma inakurusha, siyo uzito wake peke yake.

Sasa kuna huu mchezo wa kutoa kava ya grenda ndogo ili kufunga diski ya inchi tisa, kisa inafika mbali au kisa ndio iliyopo. Inaingia vizuri kabisa maana tundu la diski zote mbili ni lilelile la 22.23 mm, hakuna kitu kinachokuzuia isipokuwa ile kava uliyoitoa. Piga hesabu: 1,152 × 0.115 = 132 m/s. Hiyo ni zaidi ya 475 km/h kwenye kitu ambacho ni mchanga mgumu uliogandishwa kwa gundi na kawavu ka nyuzi ndani. Na ubaya ni kwamba nguvu inayotaka kuipasua diski haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa spidi mara yenyewe. Umezidisha spidi ya mwisho iliyoruhusiwa mara 1.65, nguvu ya kuipasua imepanda mara 2.7. Ikipasuka vipande vinaondoka kwa spidi ileile ukingo uliyokuwa nayo na vinafuata mstari ulionyooka, haviendelei kuzunguka, na mstari huo unaweza kuwa unapita kifuani kwako. Hakuna miwani inayozuia hiyo.

Ukitaka kuhisi hizo nguvu hata kwa diski iliyo sahihi, kuongeza kasi kuelekea katikati ni v² ÷ r, kwa grenda ndogo ni 66 × 66 ÷ 0.0575, inakuja kama 76,000 m/s². Punje ya gramu moja pale ukingoni inavutwa kama vile umeining'inizia mzigo wa karibu kilo nane. Gramu moja hiyo. Ndio maana diski yenye ka-ufa kadogo siyo ya kujaribu "ngoja niimalizie", na ndio maana pete ya chuma ya katikati ina tarehe ya mwisho wa matumizi, gundi inazeeka hata kama diski imekaa tu stoo, huwa wanatoa miaka 3.

Kuna swali lingine linakuja kila mara, je diski ya inchi tisa ikishalika mpaka ikabaki inchi nne na nusu naweza kuihamishia grenda ndogo? Kwa v = rω pekee jibu linatoka 66 m/s, inapita. Lakini mimi siifungi na sikushauri, diski imeandikwa 6,650 na maandishi hayabadiliki kwa sababu imelika, isitoshe ni nene kuliko ile kava na nati za grenda ndogo zilivyopangwa. Hesabu inakuambia kitu kimoja tu, spidi ya ukingo, haikuambii mengine.

Ila hiyo ya kulika inaeleza kitu ambacho kila fundi anakijua mkononi. Diski ya 230 ikishuka mpaka 150 mm kwenye grenda yake ileile, RPM ni zilezile lakini v imetoka 79 imekuwa 52. Ndio maana diski nzee inaburuza, unakandamiza halafu inachoma chuma badala ya kukata. Grenda haijachoka, r ndio imepungua.

Puli na belti: v ndio inashea sasa

Mpaka hapa tumeongelea vitu vilivyo kwenye shafti moja. Kwenye shafti moja ω ni moja, v zinatofautiana kwa kadiri ya r. Ukileta belti mambo yanageuka. Belti haivutiki (haitakiwi), kipande kinachotoka puli ya mota kwa mita 19 kwa sekunde lazima kiingie puli ya mashine kwa mita 19 kwa sekunde, vinginevyo belti ingekuwa inarundikana upande mmoja. Kwa hiyo kwenye belti moja v ni moja, ω ndio zinatofautiana. Ukiyashika haya mawili, shafti moja ω moja, belti moja v moja, unaweza kufuata mashine yoyote kutoka mota mpaka mwisho, unaruka tu kutoka moja kwenda nyingine.

Tuchukue mashine ya kusaga ya nyundo. Mota ya umeme ya poli nne (poli ni ncha za sumaku ndani ya mota) kwa umeme wetu wa 50 Hz ingezunguka 1,500 kama haina mzigo na haitelezi, ikibeba mzigo kibati chake kitasema 1,440 hivi. Ina puli ya inchi 10. Mashine ina puli ya inchi 5, na ndani kutoka katikati mpaka ncha ya nyundo ni inchi 12.

Mota: 1,440 ÷ 9.55 = 150.8 rad/s. Nusu ya inchi kumi ni 0.127 m. Belti inakimbia 150.8 × 0.127 = 19.15 m/s.

Puli ya mashine inapokea hiyohiyo 19.15. Nusu kipenyo chake ni 0.0635. Sasa tunaigeuza kanuni, ω = v ÷ r, 19.15 ÷ 0.0635 = 301.6 rad/s, zidisha kwa 9.55 unapata 2,880 RPM. Mara mbili ya mota, ulishajua maana puli ni nusu. Njia ya mkato ya mafundi, RPM ya kwanza × kipenyo cha kwanza = RPM ya pili × kipenyo cha pili, ni hii hii tu, zile 9.55 na zile nusu zimejifuta pande zote mbili. Hapo unaweza kutumia inchi moja kwa moja na kipenyo kizima, kwa sababu unalinganisha tu.

Nyundo ziko shafti moja na puli ya mashine, kwa hiyo ω ni 301.6, r ni inchi 12 ambayo ni 0.305, ncha ya nyundo inapiga mahindi kwa 92 m/s. Mashine nyingi za nyundo za nafaka ziko kwenye 60 mpaka 100, kwa hiyo hii imekaa juu lakini ipo ndani. Hicho ndicho kinachosaga, punje inapasuka kwa spidi ya ncha, wala RPM haijui punje ni nini.

Anakuja mtu anasema unga unatoka taratibu, tuweke puli ndogo kwa mashine, ya inchi 4. 1,440 × 10 ÷ 4 = 3,600 RPM, ncha sasa 115 m/s. Pini zilizoshika nyundo zinavutwa mara 1.56 ya mwanzo (115 ÷ 92, halafu mara yenyewe), beringi zinakuwa za moto, mota inakula umeme zaidi kuliko ilivyoandikwa, na puli ndogo ina eneo dogo la kushika belti kwa hiyo itaanza kuteleza na kunuka. Kama unga ni taratibu angalia kwanza chekecheke iliyoziba na nyundo zilizolika pembe kabla hujagusa puli. Kwa maoni yangu puli ndio kitu cha mwisho kuguswa.

Kinachokubalika ni kubadili puli pale injini inapobadilika. Sehemu ambazo umeme haujafika au unakatika sana bado kuna zile injini za dizeli za Lister na zilizotengenezwa kwa kuiga hizo, zile zenye magurudumu mawili makubwa ya chuma, 6/1 inazunguka 650 tu na 8/1 inazunguka 850 (ile namba ya kwanza ni nguvu za farasi, ya pili ni idadi ya silinda). Ukitoa mota ya 1,440 ukaweka 8/1 ya 850 na ukaacha puli ileile ya inchi 10, mashine itazunguka 1,700 na ncha itakuwa 54 m/s, utapata chenga siyo unga. Unataka 2,880 tena: 2,880 × 5 ÷ 850 = 16.9, tafuta puli ya inchi 17. Spidi ya belti itabaki 19 na kitu, ileile, maana upande wa mashine haujaguswa. Ukiwa unatafuta puli kubwa zaidi ya hapo kwa mashine yoyote piga na hii hesabu ya belti, belti za V za kawaida wanashauri zisizidi mita 30 hivi kwa sekunde, na puli ya chuma cha kumimina kikomo chake cha kawaida ni kama 33, ikizidi inaweza kupasuka kama diski tu.

Belti inateleza kidogo, asilimia moja au mbili, na kipimo halisi cha puli ya V ni pale belti inapokaa ndani ya mfereji siyo ukingo wa nje, kwa hiyo usishangae ukipima ukakuta 2,830 badala ya 2,880.

Unapimaje RPM kama huna kifaa

Kwa mashine za spidi hizi simu inatosha. Zima mashine, piga alama ya chaki nyeupe kwenye puli, washa, rekodi slomo ya fremu 240 kwa sekunde ukiwa umesimama mbali na belti, halafu ipeleke fremu moja moja uhesabu ni fremu ngapi mpaka alama irudi palepale. RPM = 14,400 ÷ fremu. Fremu 10 ni 1,440. Kwa usahihi hesabu raundi kumi halafu gawanya, maana kukosea fremu moja kwenye kumi ni asilimia kumi, kukosea moja kwenye mia siyo kitu. Grenda usijaribu hivi, 11,000 RPM ni raundi 183 kwa sekunde, kamera inapata fremu moja na kidogo kwa raundi, utaona maajabu tu.

Na maajabu hayo yapo hata bila kamera. Taa za tyubu za zamani na balbu nyingi za LED za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa 50 Hz. Puli yenye mikono minne ikizunguka 1,500 RPM inageuka robo raundi kamili kila taa inapowaka, mkono mmoja unakuwa umekaa pale mwenzake alipokuwa, na macho yako yanaona puli imesimama. Kwa 1,440 utaiona inarudi kinyumenyume taratibu kama raundi moja kwa sekunde. Inazunguka kweli na itakukata kweli. Kwenye karakana yenye mwanga wa namna hiyo weka walau balbu moja ya aina nyingine, au fungua dirisha.

Tairi, sproketi na tochi

Tairi linaloviringika bila kuteleza ni kama belti, barabara ndio belti. Spidi ya chombo ni r × ω ya gurudumu. Ila kwa tairi usitumie vitabu, piga chaki kwenye tairi na chini, sukuma chombo huku dereva amekaa mpaka chaki irudi chini, pima kwa futi kamba. Umepata mzunguko mzima, yaani 2πr, kwa mkupuo.

Pikipiki tuseme ilitoka mita 1.85. Sproketi ya mbele meno 14, ya nyuma 42. Cheni ni belti yenye meno, kwa hiyo v ni moja, na meno yanafanya kazi ya kipenyo: raundi tatu za mbele kwa moja ya nyuma. Sproketi ya mbele ikizunguka 1,350 kwa dakika, gurudumu ni 450, barabara ni 450 × 1.85 = mita 832 kwa dakika, ambayo ni 50 km/h. Ukiweka ya mbele meno 15 kwa mzunguko uleule wa injini unaenda 53.5. Watu wanafurahi, halafu wanakutana na mlima na abiria wawili na gunia, injini inashindwa, kwa sababu kilichoongezeka kwenye spidi kimepungua kwenye nguvu ya kusukuma kwa kiwango hichohicho. Wa milimani wanafanya kinyume, nyuma meno zaidi.

Pikipiki nyingi za hivi waya wa spidomita unachukulia gurudumu la mbele, kwa hiyo kubadili sproketi hakuidanganyi, kubadili saizi ya tairi la mbele ndio kunaidanganya. Kwenye gari inasoma mzunguko tu halafu inaamini r ni ile ya kiwandani. Toa tairi la 195/65R15, kipenyo milimita 634.5, weka 205/70R15, kipenyo 668. Uwiano 1.053. Mshale ukisema 50 wewe uko 52.6, ukisema 80 uko 84. Tochi ya trafiki (kile kipima spidi cha barabarani) haijali mshale wako unasema nini. Kiwandani spidomita nyingi huwekwa zisome juu kidogo ya ukweli kwa hiyo unaweza ukaponea hapo, lakini akiba yenyewe umeshaila.

Kitu kingine cha tairi ambacho wanafunzi hawaamini mpaka wachore: chini kabisa pale linapogusa lami tairi limesimama, v sifuri, na juu kabisa linakimbia mara mbili ya gari. Mzunguko unaongeza v mbele kwa juu na kurudisha v nyuma kwa chini, unajumlisha na v ya gari lenyewe. Gari la 80, tope lililoshika juu ya tairi linakwenda 160. Madigadi yapo kwa sababu hiyo.

r kubwa kuliko zote uliyonayo

Dunia inazunguka raundi moja kwa saa 23 na dakika 56, ω yake ni 0.0000729 rad/s, kadogo mno. Lakini r kwenye ikweta ni mita milioni 6.378, kwa hiyo aliyekaa Nanyuki anabebwa mashariki kwa 465 m/s, zaidi ya 1,670 km/h. Aliye mbali na ikweta r yake siyo ya dunia nzima, ni umbali wake kutoka kwenye mhimili, unazidisha kwa kosaini ya latitudo. Dar ni nyuzi 6.8 kusini, kosaini 0.993, hata hatuachani na Nanyuki. Oslo iko kwenye nyuzi 60 hivi, kosaini nusu, na wao wanabebwa nusu ya spidi yetu.

Hiyo v ya bure ndio Waitaliano waliifuata pale San Marco, majukwaa yao yaliyosimama baharini karibu na Malindi, nyuzi 2.9 tu kusini mwa ikweta, walirusha roketi kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1988. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka hapo unaanza na 464 m/s ambazo hujazilipia mafuta, Cape Canaveral ya Marekani kwa nyuzi 28.5 unaanza na 409, Baikonur ya Kazakhstan kwa nyuzi 46 unaanza na 323. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka majukwaa hayo ilirushwa setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalumu kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru.

Haya jaribu hizi tatu, majibu yapo chini yake usichungulie. Jiwe la mashine ya kunolea la mezani, kipenyo 150 mm, 2,950 RPM, ukingo unakimbiaje? Mshale wa sekunde wa saa ya ukutani wenye urefu wa sentimita 12, ncha yake inakwenda sentimita ngapi kwa sekunde? Baiskeli ya inchi 28, mzunguko wa tairi mita 2.2, meno 44 mbele na 18 nyuma, unakanyaga raundi 60 kwa dakika, uko km/h ngapi?

Majibu: 23.2 m/s. Sentimita 1.26 kwa sekunde. 19.4 km/h. Ukipata 46 kwenye la kwanza, rudi usome tena pale kwenye kipenyo.